Usiung'oe, haujafa

Ndugu wa Nkuhungu, Dodoma, unauliza kama mmea uliopanda uzio wako kwa nje umekufa, na kama unaweza kuuhamishia uani. Huo mmea, uliotoa maua mekundu yenye kingo za njano, petali zikijikunja kurudi nyuma, kisha ukanyauka wote mvua zilipokata, kwa maelezo yako ni gloriosa (Gloriosa superba). Ni wa asili ya huku kwetu. Chini kuna kiazi chenye umbo kama la herufi V. Kinalala kiangazi chote na kuchipua mvua za Desemba zikishika. Ndiyo sababu naupenda kuliko maua mengi ya kununua: hauhitaji ndoo hata moja ya maji Julai hadi Oktoba, na ukichanua vipepeo wanaufuata.

Kuuhamisha inawezekana, ukiwa umelala hivi. Fukua taratibu sana, chipukizi liko kwenye ncha ya kiazi, na ncha ikivunjika umepoteza mmea. Kilaze ubavu, sentimita 5 hadi 10 chini, penye udongo wa kichanga usiotuamisha maji, karibu na kichaka au fito. Mzabibu hushika kwa vikono. Huu hushika kwa ncha za majani yenyewe.

Sasa la muhimu kuliko yote: mmea mzima una sumu, kolchisini, na iliyo kali zaidi iko kwenye kiazi na mbegu. Inaua mtu, inaua mbuzi. Vaa glavu, nawa mikono, na kiazi kisikae jikoni hata dakika moja, kinaweza kudhaniwa chakula. Kama una watoto wadogo wanaocheza uani, uache hapo hapo nje ya uzio.