Roboti ya nyasi ikifa ntanunua tena, lakini ya waya

Wiki hii mmeuliza ni kitu gani cha umeme nyumbani kikiharibika tutanunua kingine, na safari hii tutaangalia nini. Jibu langu ni roboti ya kukata nyasi, na najua kuna watakaosema hiyo ni anasa ya watu wa Nyali, mtaa wa matajiri huku Mombasa, lakini yetu iko Mwakirunge kwa mamangu, huko ndani kwenye minazi na miembe.

Sababu ni nyoka. Mama anaamka alfajiri, akishaswali anaenda bandani kwa mbuzi, macho yake sai yamepungua, na masika majani yakifika magotini huwezi kujua unakanyaga nini na swila huku wapo. Kijana wa slasha akipata kibarua kwengine haji, na mvua ya mwezi wa nne na wa tano ikishakaa nyasi hazimngoji mtu. Basi ndugu yangu alieko Ujerumani akatuma hiyo mashine, stima ya kule ni volti 230 na hezi 50, haipishani sana na yetu, tukabadilisha plagi tu.

Yaani uwanja wote unazungushiwa waya mwembamba unaofukiwa kidogo ardhini, ndani yake unapita umeme mdogo sana, roboti ikiukaribia inausikia inageuka. Chini ya tumbo ina visu vidogo kama nyembe, kila siku inapunguza kidogo kidogo na vile vipande vinaoza hapo hapo vinakuwa mbolea, hakuna kufagia. Ukiinyanyua visu vinasimama, inapiga kelele mpaka uiwekee namba ya siri. Nyasi zetu ni zile za Pemba, majani mapana mashina yanatambaa, tumeiweka ikate kwa kimo cha sentimita tano. Lakini lazima mtu apite kwanza aokote vidaka na makuti yaliyoanguka. Na usiku haitoki kabisa, manake kalunguyeye hutembea usiku na akiona hatari hakimbii, anajikunja tu hapo hapo.

Kilichoimaliza ni betri. Hizi za lithiamu hazipendi joto, na chaja yetu, pale roboti inaporudi yenyewe kuchaji, ilikaa juani mchana kutwa, mwishoni ikawa inazimika katikati ya uwanja kabla haijafika kuchaji. Duka moja mjini wakatuzungusha wiki baada ya wiki, kesho njoo, kesho njoo, halafu wakasema modeli hiyo betri yake haiji tena. Hilo liliniuma sana, mota nzima, magurudumu mazima, mashine nzima inakuwa takataka kwa ajili ya betri, na huku mama anatembea kwenye majani marefu.

Tulipoenda kununua nyengine kila muuzaji anasifia hizi mpya zisizo na waya, zinazojua ziko wapi kwa setilaiti. Ni nzuri kwa mwenye uwanja wazi, lakini zinataka kuiona mbingu, na kwetu chini ya miembe mbingu huioni, kwa hivyo tumechukua ya waya tena. Waya ukikatwa na jembe unaungwa, ila usiunge na tepu, unyevu wa chumvi wa huku pwani unaula shaba ukawa kijani, tafuta vile viungio vyenye jeli ndani, unaingiza ncha mbili unabana na koleo basi, maji hayapenyi.

Na kabla ya kutoa pesa nilitaka nioneshwe betri na visu vya akiba viko dukani, nivishike kwa mkono, sio kuambiwa vinakuja. Visu vyenyewe ni vya kubadilisha kila mwezi mmoja au miwili, vikiwa butu nyasi zinachanika na ncha zinakuwa nyeupe. Chaja sai iko chini ya kibanda cha makuti, na stima inapita kwenye gadi ile ya friji, manake ikikatika hurudi kwa nguvu.

Yule kijana wa slasha bado tunamwita, manake roboti haifiki mpaka ukutani, inaacha ukanda wa kama shubiri moja, na nyoka hupenda kupita hapo hapo ukutani.