Mfuko wa kuwaendeleza wakutubi wa chuo kikuu: fedha zake hufanya kazi gani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na wenzangu tuliohitimu pamoja tumechanga fedha za kuisaidia maktaba ya chuo kikuu tulichosoma. Tulikusudia kununua vitabu, lakini uongozi wa maktaba umetushauri tuanzishe mfuko wa kuwatunuku na kuwaendeleza wakutubi hodari. Baadhi yetu wanahoji kwa nini mtu mwenye mshahara aongezewe, na wengine wanahofia kwamba fedha hizo zitamezwa na matumizi ya kawaida. Tunaomba ufafanuzi.

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri mliopewa ni mzuri na una mizizi ya zamani. Thomas Bodley, aliyeifufua maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford na kuifungua mwaka 1602, hakuishia kwenye vitabu na rafu, kwani mwaka 1609 aliiwekea wakfu wa ardhi na nyumba ili mapato yake yaitunze maktaba na kuwalipa watumishi wake. Mkutubi wake wa kwanza, Thomas James, aliandaa katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, iliyochapishwa mwaka 1605, na mkuu wa maktaba hiyo hadi leo huitwa Mkutubi wa Bodley.

Ni kweli kwamba mkutubi analipwa mshahara, lakini mshahara huo ni wa zamu na majukumu ya kila siku, ambayo humaliza saa zake zote. Chukueni mfano wa kasha la barua lililotolewa na familia ya mwanazuoni aliyefariki. Kasha hilo halimfai mtafiti yeyote mpaka mtu anayeweza kusoma mwandiko ule afungue bahasha moja baada ya nyingine, atambue aliyeandika na aliyeandikiwa, akadirie tarehe pale isipotajwa, azihamishie karatasi kwenye majalada yasiyo na asidi, kisha aandike maelezo yatakayomwezesha msomaji aliye mbali kujua kilichomo. Kazi hiyo huchukua miezi, na mara nyingi huahirishwa mwaka hadi mwaka kwa sababu mwenye ujuzi nayo yuko kaunta. Mfuko kama wenu unaweza kumlipa mtu wa kushika zamu zake, kumgharimia mafunzo ya uhifadhi wa nyaraka, au kumpeleka kwenye maktaba nyingine akajifunze. Tuzo ya fedha taslimu nayo ina heshima yake, ingawa kwa maoni yangu muda ndio zawadi kubwa zaidi kwa mkutubi hodari.

Kuhusu utaratibu, mfuko wa wakfu huwekezwa bila kugusa mtaji, na kila mwaka hutumika sehemu ndogo tu, aghalabu asilimia 4 au 5. Kwa hiyo mtaji wa 100,000, kwa sarafu yoyote ile, hutoa takriban 4,000 au 5,000 kwa mwaka. Ikiwa mchango wenu ni mdogo, ni afadhali utumike wote katika miaka michache kwa mradi unaoeleweka kuliko kuuwekea wakfu utakaotoa kiasi kisichotosha hata nauli. Kugharimia cheo kizima cha mkutubi ni jambo jingine, linalohitaji mtaji mkubwa mno.

Hofu ya wenzenu ina msingi, na dawa yake ni hati ya mchango. Iandikwe humo kwamba fedha hizi ni nyongeza na hazichukui nafasi ya bajeti ya chuo, kwamba mpokeaji atateuliwa na kamati bila wafadhili kumchagua mtu wanayemfahamu, na kwamba mtapewa taarifa ya matumizi kila mwaka. Msiyabane masharti kupita kiasi, maana mfuko uliotengewa kadi za katalogi pekee ungekuwa hauna kazi leo, kwa kuwa orodha hizo sasa huwekwa kwenye kompyuta. Hakikisheni pia kwamba wanaoorodhesha na kukarabati vitabu, ambao wasomaji huwaona kwa nadra, wana haki ya kupendekezwa sawa na wale wa kaunta. Kabla ya kutia saini, ombeni rasimu ya hati hiyo na mwanasheria aisome.