Muulize Fundi: Simenti inapungua stoo, ninunue kamera gani ya kuficha?

SWALI: Fundi habari ya kazi. Mimi nina hadiwea hapa Busia, upande wetu wa Uganda, tunauza simenti, misumari, rangi na mabati. Vijana wangu ni wanne na mmoja ni mtoto wa dada yangu. Tangu mwezi wa pili mahesabu yanakataa, wiki hii simenti inakosa mifuko mitano, wiki ingine nane, na pesa ya droo jioni hailingani na kitabu. Nikiuliza kila mtu anaapa kwa jina la Mungu. Nimeona watu wanauza kamera ndogo za siri, ingine iko ndani ya kalamu, ingine kwa saa ya ukutani, ingine inafanana na kile kidude cha kunusa moshi. Muuzaji mmoja Kampala ananiambia ya laki tatu inaona kila kitu. Nichukue ipi, na ni lazima niwaambie? (Mama Duka, Busia)

JIBU: Mama Duka pole sana, wizi wa ndani unauma kuliko wa usiku manake huyo mwizi mchana umekula naye posho sahani moja.

Lakini usitoe hiyo laki tatu bado. Barua yako ina hasara mbili, simenti na droo, na kwa hizi kazi zangu za kufunga kamera nimeona mara nyingi watu wanazichanganya wakidhani ni mtu mmoja, kumbe ni wawili na hata hawajuani. Kamera inayoangalia droo haioni stoo, na ya stoo haioni noti. Kwa hiyo wiki moja kwanza hesabu kwa mkono, lori likija simama mwenyewe hesabu mifuko ikishuka, jioni ukifunga hesabu tena ukiwa peke yako, uandike kwa kitabu ambacho hakilali dukani. Kuna mama mmoja Tororo aliniita nimfungie kamera stoo, nikamwambia hesabu kwanza, siku ya tatu akakuta ile simenti haikuwa inaibiwa stoo, haikuwahi hata kuingia! Lori la mifuko 200 lilikuwa linashusha 192 na kijana wa kupokea anasaini 200. Kamera yangu ingekaa pale mwaka mzima ikipiga picha ya ukuta. Siku hiyo alinilipa nauli tu, basi.

Alafu uliza wateja wako wawili watatu unaowaamini wanalipa kwa namba gani ya simu. Saa hii wizi mwingi wa kaunta hauko hata kwa droo, mteja anaambiwa "mzee, tuma kwa namba hii" na namba ni ya kijana mwenyewe, mzigo unatoka, risiti hakuna. Hapo kamera itakuonyesha watu wawili wameshika simu, utasema nini? Andika namba ya biashara yako ya mobail mani kwa rangi nyekundu ukutani, na wewe unauza rangi, haitakugharimu.

Sasa tuseme umehesabu, umepata kweli mifuko inatoka stoo na droo inachezewa. Tuje kwa kamera.

Ya kalamu achana nayo, betri yake inaenda kama saa moja hivi ikijitahidi saa moja na nusu, na wizi wako hauna ratiba. Ile ya kidude cha moshi ni nzuri kwa hoteli, lakini niambie mama, hadiwea gani Busia ina kidude cha moshi kwa dari? Siku ya kwanza tu vijana watauliza hii ni nini. Ya chaja au ekstensheni iko sawa kwa umeme manake inachomekwa ukutani moja kwa moja, ila angalia iwe na miguu mitatu ya bapa kama soketi zetu, nyingi zinakuja na miguu miwili ya Marekani, na pia soketi za duka ziko chini, utapata video safi kabisa ya mikanda na viatu.

Ya saa ya ukutani nina hadithi yake na inaniaibisha. Miaka iliyopita nilifunga moja Mbale kwa duka la vipuri, nikaenda zangu nimefurahi. Kwanza usiku picha zote zilikuwa nyeupe tupu, manake zile taa za infraredi, mwanga wa kuonea gizani ambao jicho haliuoni, ziko nyuma ya kioo cha saa, mwanga unagonga kioo unarudi kwa lenzi. Pili ile saa yenyewe ilikuwa inachelewa, mishale haiendi vizuri, na mfanyakazi mmoja mwenye roho nzuri akaishusha ili aweke betri mpya, akaifungua, akakuta memori kadi. Bosi alinipigia simu sitasema alisema nini.

Tangu hapo mimi naenda hivi: chukua kamera ndogo ya waya yenye lenzi ya tundu, iingize ndani ya kitu ambacho tayari kiko dukani miaka yote, redio mbovu, spika ya zamani, dikoda iliyokufa juu ya shelfu. Kitu kipya ndicho kinachoshtua watu, cha zamani kimejaa vumbi hakuna anayekiona. Na usiifunge mchana wala usimtume kijana wako kuishikia ngazi.

Muuzaji wako anayesema inaona kila kitu, hapo amekudanganya kidogo, ngoja nikueleze kwa hesabu. Picha ya 1080p ina nukta 1920 kwa upana. Viwango vya watu wa CCTV vinasema ili umtambue mtu usiyemjua bila shaka unahitaji kama nukta 250 kwa kila mita moja ya upana unaoonekana, sasa gawanya, unapata mita saba na kitu. Ikiangalia upana zaidi ya hapo utaona mtu ametoka na mfuko lakini sura ni kivuli. Wewe bahati yako vijana unawajua, hata nukta 125 kwa mita zinatosha kusema huyu ni fulani, kwa hiyo stoo kamera moja ikiangalia mlango inatosha, usiangalie mifuko, angalia mlango, mifuko haitembei yenyewe.

Droo ni kitu kingine kabisa. Pale hutafuti sura, unatafuta mikono na noti. Kamera ikae juu ikiangalia chini, eneo la mita moja na nusu au mbili basi, mteja ametoa nini, imeingia droo au imeingia mfuko wa suruali. Na hapa watu wanasahau kitu kimoja: giza likiingia kamera inahamia infraredi, picha inakuwa nyeusi na nyeupe, sasa noti ya 20,000 nyekundu na ya 5,000 ya kijani utazitofautishaje? Acha balbu ya kaunta iwake mpaka unafunga. Stoo kwa usiku nunua infraredi ya 940 (nanomita, namba imeandikwa kwa boksi), usikubali 850, ile ya 850 inaonyesha vidoa vyekundu gizani na mwizi si kipofu, ingawa 940 haifiki mbali sana.

Memori kadi. Video ya 1080p ya kawaida ya megabiti 2 kwa sekunde inakula karibu GB 0.9 kwa saa, masaa 12 ya duka ni kama GB 11, kwa hiyo kadi ya GB 128 inakupa siku kumi hivi kabla kamera haijaanza kufuta za zamani na kuandika juu yake. Maana yake ukigundua hasara, toa kadi siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Na kadi za bei ya kutupa za barabarani nyingi ni za uongo, zimeandikwa 128 ndani ni 16, ijaze kwanza kwa kompyuta uone kama faili zinafunguka zote. Usiweke ile ya kurekodi tu kitu kikitikisika kama kuna feni au pazia karibu, utaletewa video elfu moja za feni.

Umeme wetu unaujua. Weka pawabenki katikati, ya mAh 10,000 (kipimo cha chaji) inaweza kubeba kamera ndogo masaa kumi na zaidi, ila hakikisha ni ile inayochaji huku inatoa, nyingine ukizichomeka zinakata kutoa. Na umeme ukirudi angalia saa ya kamera. Hizi za China zikichanganyikiwa zinarudi saa za Beijing, masaa matano mbele yetu, halafu video inaonyesha kijana amebeba mfuko saa mbili usiku wakati ilikuwa saa tisa mchana na wote mko dukani, wakili wake atacheka mpaka machozi.

Ukitaka kuona kwa simu ukiwa nyumbani sawa, lakini badilisha pasiwedi iliyokuja nayo kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka 2016 kirusi kinaitwa Mirai kiliingia kwa malaki ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu tu zile pasiwedi za kiwandani, hakikuwa na ujanja mwingine. Hutaki mwizi wako awe na apu hiyo hiyo.

Sasa swali lako la kuwaambia, na hapa ndo nataka usome taratibu. Uganda tuna sheria ya kulinda data na faragha ya mwaka 2019, na picha ya mtu ni data yake. Kwa kawaida unatakiwa kibali chake, lakini sheria inaacha nafasi pale data inahitajika kuzuia au kuchunguza kosa la jinai. Nafasi hiyo si leseni ya kuficha kamera maisha yote, ni kwa kosa hilo unalolichunguza, na ukimaliza usizihifadhi zile video, zifute. Kuna ofisi ya kulinda data binafsi iko chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari, wafanyabiashara wanaokusanya data wanatakiwa kujiandikisha kule.

Kesi moja ya Uhispania inanisaidia kuwaeleza wateja ingawa mahakama zetu hazifungwi nayo. Supamaketi ilikuwa inapoteza pesa, mwezi ingine euro kama 8,000 mwezi ingine 25,000. Meneja akaweka kamera za wazi milangoni na akawaambia watu, alafu za siri akaziweka kaunta za malipo tu bila kusema. Siku kumi zikatosha, wakafukuzwa watu 14. Baadhi wakaenda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mwaka 2018 majaji wakawapa ushindi, lakini baraza kuu la mahakama hiyo hiyo likageuza 2019 kwa kura 14 kwa 3. Kilichomsaidia mwajiri ni kwamba hasara ilikuwa ya kweli na kubwa, kamera zililenga kaunta, muda ulikuwa mfupi, na walioangalia video walikuwa wachache. Wewe fanya hivyo hivyo: kile kitabu cha kuhesabu ni ushahidi wako kwamba ulikuwa na sababu, weka wiki mbili si mwaka, zima maiki manake kunasa maongezi ya watu ni mzigo mwingine wa sheria na hauuhitaji, na kwa choo au mahali vijana wanabadilisha nguo hata ukiibiwa ng'ombe usiweke.

Ukipata kitu, usikitume kwa grupu ya wasap ya familia. Kwanza wasap inaminya video inaharibu, pili umemtangaza mtu kabla hajajibu, na Busia watu wakisikia mwizi unajua kinachofuata barabarani. Nakili kwa flashi, kadi yenyewe iweke kwa bahasha uandike tarehe na nani ameishika, manake sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2011 inakubali ushahidi kama huo lakini hakimu ataangalia ulitunzwaje. Kama ni polisi nenda uandikiwe namba ya SD, ile ya kitabu cha matukio cha kituo. Kama ni kumfukuza, sheria ya ajira ya 2006 inataka umweleze kosa na umsikilize, akiwa na mtu wake amemchagua, ndipo uamue. Watu wenye video safi kabisa wamelipishwa fidia kwa kuruka hapo.

Na yule mtoto wa dada yako. Amua leo kabla hujafunga waya, ikionekana ni yeye utafanya nini, manake vijana wale watatu watakuwa wanakuangalia.

SWALI: Nafanya saluni Ntinda, kwa chumba chetu cha kubadilisha kuna chaja moja haiondolewi kwa soketi na hakuna anayeitumia. Nitajuaje kama ni kamera? (Msusi)

JIBU: Dada zima taa, washa tochi ya simu uiangalie ile chaja kutoka pembe tofauti, lenzi hata ndogo inarudisha kanukta kanakong'aa. Alafu washa kamera ya mbele ya simu yako uielekeze kwenye chaja gizani, kamera za mbele nyingi zinaona infraredi, ukiona mwanga wa zambarau ambao jicho haliuoni basi si chaja. Ila kamera zingine hazina infraredi kabisa kwa hiyo usipoona usitulie. Ikiwa ni yenyewe, ipige picha ikiwa pale pale, mwite mwenzako awe shahidi, kisha polisi na ile ofisi ya data. Hapo bosi hana la kusema kuhusu wizi, hakuna droo ya pesa kwa chumba cha nguo.

SWALI: Kamera za plastiki zisizofanya kazi, zile za elfu ishirini, zinatisha wezi? (Askari, Jinja)

JIBU: Wa nje zinawatisha kidogo. Wa ndani ndio wanaofagia chini yake kila asubuhi, wanajua haina waya.