Swali la Lugha: Miosini ni zama, enzi au kipindi?

Mwalimu wa jiografia aliyeko Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, ametuuliza hivi: "Nafundisha historia ya Dunia, na wanafunzi wanataka niwaeleze kwa Kiswahili visukuku vilivyopatikana huku kwetu Karamoja. Maandishi mengine yanasema 'zama za Miosini', mengine 'enzi ya Miosini', mengine 'kipindi cha Miosini'. Lipi ni sahihi? Na tuseme miaka milioni 20 iliyopita au zilizopita?"

Mwalimu, maneno yote matatu ni Kiswahili safi, na katika mazungumzo ya kawaida hakuna wa kukulaumu kwa lolote kati ya hayo. Darasani mambo ni mengine. Wanajiolojia hupanga wakati kwa ngazi, ngazi moja ndani ya nyingine: eoni ndiyo kubwa kuliko zote, ndani yake mna era, ndani ya era mna pirodi, na ndani ya pirodi mna epoki. Leo ukiiita Miosini zama na kesho ukaiita kipindi, mwanafunzi atajuaje kama Miosini imo ndani ya Kenozoiki au Kenozoiki ndiyo imo ndani ya Miosini? Chagua neno moja kwa kila ngazi, kisha usilibadilishe mwaka mzima. Mimi napendekeza dahari, enzi, kipindi na awamu, kwa mpangilio huohuo kutoka kubwa hadi ndogo.

Dahari tumelizoea katika "milele na dahari", na uzito wake unafaa. Dahari za Dunia ni nne: Hadiani, Akiani, Proterozoiki na Fanerozoiki, ambayo ndiyo tuliyomo. Fanerozoiki ilianza miaka kama milioni 539 iliyopita, ilhali Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 na zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba dahari tatu za kwanza peke yake zimekula karibu asilimia 88 ya historia yote. Kwa Uganda hili si jambo la kando, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwamba tunaoukanyaga uliundika katika dahari hizo.

Ngazi ya pili ndiyo yenye mvutano, na hapa naomba tuliache neno zama. Walimu wa historia wameshalichukua: Zama za Mawe, Zama za Chuma, Zama za Kati za Ulaya. Zama hizo zinapimwa kwa kazi ya mikono ya binadamu na tawala zake. Zaidi ya hapo, zama halihesabiki vizuri. Twasema "zama zile", "zama za mababu", lakini "zama moja" inakwaruza sikio. Enzi inahesabika: enzi ya Paleozoiki, enzi ya Mesozoiki, enzi ya Kenozoiki, enzi tatu. Wapo wanaotafsiri majina hayo kuwa Enzi ya Uhai wa Kale, wa Kati na Mpya. Kama maelezo ni mazuri mno, na mwanafunzi ayasikie. Kama jina, hapana. Likifupishwa kidogo tu litakuwa "Enzi ya Kati", na mtoto atachanganya wafalme wa Ulaya na dinosaria.

Kipindi hakina ubishi: kipindi cha Kambriani, cha Devoniani, cha Jurasiki. Majina yenyewe yaandike kwa sauti za Kiswahili bila kuyafasiri, kwani mengi yametokana na mahali. Jurasiki imetokana na milima ya Jura iliyoko Ufaransa na Uswisi, Devoniani na eneo la Devon huko Uingereza, na Permiani na Perm ya Urusi.

Kwa ngazi ya epoki, wengine hupenda muhula. Nakusihi usilitumie. Mwanafunzi wa Uganda anajua kuwa muhula wa shule una vipindi vingi ndani yake. Sasa utamwambia kwamba kipindi ndicho chenye mihula? Awamu haina mtego huo. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: Miosini ni awamu, katika kipindi cha Neojini, ndani ya enzi ya Kenozoiki. Ilianza miaka milioni 23 iliyopita na kukoma miaka milioni 5.3 iliyopita.

Umeona nimesema iliyopita. Kinachopita ni miaka, na miaka huchukua i-: miaka hii, miaka mingi, miaka milioni 20 iliyopita. Neno milioni likikaa katikati halibadilishi upatanisho. Wasemaji wa Luganda wana msaada wa nyumbani, kwa sababu nao wana emyaka gino. Ng'akarimojong, lugha ya Karamoja, si ya Kibantu, kwa hiyo wanafunzi wako wanahitaji mazoezi zaidi hapa, na si kosa lao.

Kuna jambo hukuuliza, ila utakutana nalo wiki hiyohiyo. Wakati una mwanzo na mwisho. Mwamba una chini na juu. Fuvu la Ugandapithecus, jamaa wa kale wa sokwe, lililopatikana Napak huko Karamoja mwaka 2011 na kundi la watafiti Martin Pickford na Brigitte Senut lina umri wa miaka kama milioni 20, basi mnyama huyo aliishi katika Miosini ya mwanzo. Tabaka lililohifadhi mabaki ya wakati huo ndilo tunaloliita la Miosini ya chini. Ukisema mnyama "aliishi Miosini ya chini", umemzika kabla hajafa.

Kuwa mwangalifu vivyo hivyo na vitenzi. "Rwenzori ni ya zamani sana" ni sentensi inayopotosha, hata kama inapendeza. Mawe yake ni makongwe kweli, ya dahari za Akiani na Proterozoiki. Mlima wenyewe ni mchanga, umeinuka hasa katika awamu za Pliosini na Pleistosini, zilizofuata Miosini, Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka upande wa magharibi. Kwa mawe tumia kuundika, kwa mlima tumia kuinuka, na kila kitenzi kipe tarehe yake. Napak na Moroto ni rahisi zaidi kueleza, kwa kuwa ni mabaki ya volkano za Miosini: mlima na majivu yaliyofunika visukuku ni wa awamu moja, na hapo wanafunzi wako wanaweza kuanzia.