Maswali ya Wasomaji: Kupiga Picha za Barafu kwa Karibu

SWALI: Ndugu mhariri, salamu kutoka Minneapolis. Asubuhi za Januari dirisha la gereji yetu hujaa maua ya barafu, lakini nikipiga kwa simu naambulia gari la jirani na ukungu wa kijivu. Na kwa nini madirisha ya ndani ya nyumba hayaoti kitu?

JIBU: La nyumba ni rahisi. Madirisha yake yana vioo viwili vyenye nafasi katikati, kwa hiyo kioo cha ndani hakishuki chini ya sifuri. Gereji ina kioo kimoja. Mvuke uliomo ndani hugusa kioo hicho ukaganda papo hapo bila kuwa maji kwanza, na matawi hufuata mikwaruzo, vumbi, hata njia ya kitambaa kilichofutia kioo mwezi uliopita. Maua yakiwa haba, acha bakuli moja la maji ya vuguvugu gerejini usiku. Moja tu. Mvuke ukizidi, kioo hulowa kwanza, maji hutiririka, na asubuhi unakuta ganda lisilo na umbo.

Sasa gari la jirani. Barafu ya dirishani inapitisha mwanga, kwa hiyo chochote kilicho nyuma yake kinaingia kwenye picha, na simu hupenda kufokasi kwenye kitu chenye rangi kali. Kazi inaanzia nje ya dirisha. Tundika kitambaa cheusi kisichong'aa, hata fulana ya pamba inafaa, mita moja hivi kutoka kwenye kioo. Usikibandike kiooni, kwani kitaziba mwanga wa pembeni, nao ndio unaoyachora matawi. Kukiwa bado giza, weka tochi ya LED nje, pembeni mwa fremu, imulike kioo kwa mshazari. Balbu ya zamani ya waya huyeyusha unachokipiga.

Kuhusu simu yenyewe, achana na ile hali ya makro (ya kupiga vitu kwa karibu sana) inayokutaka usogee sentimita 2 au 3. Ukiwa karibu hivyo, kivuli cha simu kinaangukia barafu na pumzi yako inaiharibu. Rudi sentimita 15 hadi 20, tumia kamera kuu na zoom ya 2x. Gusa tawi kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha shusha mwanga kidogo. Hilo la kushusha wengi hulisahau: kamera ikiona weusi mwingi inauangaza uwe kijivu, na maua yanaungua yakawa mabaka meupe yasiyo na mishipa. Kwenye kamera kubwa, shusha kipimo cha fidia ya mwanga (kile chenye alama +/-) hadi kati ya -0.7 na -1. (Sakitu iliyotanda juu ya nyasi ni kinyume chake. Hapo fremu nzima ni nyeupe, kamera inaifanya kijivu, nawe unaongeza +0.7 hadi +1.3.)

Vaa skafu puani. Pumzi moja inatosha kuondoa ncha za matawi, na ncha ndizo zenye uzuri wote.

SWALI: Niko Ontario, nina lenzi ya makro ya mm 100. Napiga barafu ya vidimbwi na ya ukingo wa ziwa. Nimefunga apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) hadi f/32, yaani dogo kabisa, ili kila kitu kitoke wazi, lakini picha nzima imefifia. Filta ya polaraiza nayo haiondoi mng'ao. Je, lenzi ni mbovu?

JIBU: Lenzi ni nzima. Apecha ndogo mno huutawanya mwanga, na kwenye makro tatizo ni kubwa zaidi: ukipiga kitu kwa ukubwa wake halisi, yaani 1:1, namba ya apecha hufanya kazi kana kwamba imezidishwa mara mbili. Hiyo f/32 yako ilikuwa kama f/64. Baki f/8 hadi f/11.

Utasema kina cha fokasi, yaani sehemu inayotoka wazi mbele hadi nyuma, kitakuwa kidogo. Ni kweli: kwa 1:1 na f/8, kinachotoka wazi ni kama milimita 1 tu. Lakini barafu ya kidimbwi ni bapa, kwa hiyo milimita moja inatosha mradi kamera iwe sambamba nayo. Kwa kamera ya fremu kamili (yenye sensa ya upana wa mm 36), ukiinamisha digrii 3 tu, upande mmoja wa picha unakuwa karibu milimita 2 mbali kuliko mwingine, na tayari umepotea. Weka kamera kwenye stendi ielekee chini wima, kuza picha kwenye skrini, kagua kona zote nne na si katikati peke yake. Ukitoka 1:1 ukapiga nusu ya ukubwa halisi, kina kinafika karibu milimita 3, na mara nyingi picha inapendeza zaidi.

Filta ya polaraiza hukata mng'ao unaokujia kwa mshazari. Kwa barafu inafanya kazi vizuri zaidi kwenye pembe ya kama digrii 53 kutoka wima. Wewe unapiga wima kabisa, hapo haina la kufanya. Mng'ao unaouona ni anga iliyo juu yako. Fungua mwavuli mweusi juu ya kamera, acha upande mmoja wazi ili mwanga uingie chini chini. Ile mistari ya duara kwenye vidimbwi vilivyokauka chini ya barafu itajitokeza mara moja.

Ziwani, usikanyage barafu safi yenye unene chini ya sentimita 10, na barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ihesabu kuwa na nusu ya nguvu hiyo. Betri ya akiba iwe mfuko wa ndani wa koti. Ukirudi nyumbani, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu ukiwa bado nje, na usiufungue hadi ipate joto la chumba, saa moja au mbili. Ukiufungua mapema, umande utaingia hadi kati ya vipande vya lenzi.

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii, Mlima Kenya. Asubuhi naona vijiti vya barafu vimeinua udongo njiani. Wageni wakimaliza chai, vimekwisha. Nivipige saa ngapi?

JIBU: Kabla ya chai. Vijiti hivyo huota usiku pale uso wa udongo unaposhuka chini ya sifuri huku chini yake bado kuna maji. Maji hupanda na kuganda kutokea kwenye shina, yakibeba punje za udongo kichwani. Bonde la Teleki, juu ya mita 4,000 hivi, ni mahali pake hasa. Uwe umeshachagua mahali kabla jua halijachomoza, mnamo saa kumi na mbili na nusu, palipolowa na pasipokanyagwa. Geuza simu juu chini ili lenzi iwe karibu na ardhi, na piga ukielekea upande jua linakotokea. Mwanga wa kwanza ukipita ndani ya vijiti, piga nyingi haraka. Vikianza kuinama, nenda kaamshe wageni.

SWALI: Niko Dar es Salaam. Nimeona picha za barafu zenye rangi kama za upinde wa mvua. Ni za kompyuta?

JIBU: Hapana, na unaweza kuzipiga kwako. Fuwele za barafu hugawa mwanga uliopolaraiziwa, yaani unaotetema kwa uelekeo mmoja tu, katika sehemu mbili zinazosafiri kwa kasi tofauti, na zikikutana tena kwenye filta rangi hutokea. Mwanga huo unao tayari: skrini ya LCD ya laptopu. Fungua ukurasa mweupe, mwangaza hadi mwisho. Weka filta ya polaraiza kwenye lenzi na uizungushe mpaka skrini iwe nyeusi. Isipokuwa nyeusi, huenda umeishika kinyume. Uso wa mbele wa filta lazima uielekee skrini.

Unene ndio unaoamua rangi. Mimina kijiko kimoja cha chai cha maji kwenye kioo cha fremu ya picha, uyatandaze yawe mraba wa sentimita 9 kwa 9, na ugandishe kikiwa kimelala sawasawa. Utapata barafu inayozidi nusu milimita kidogo. Ikifika milimita 2 na zaidi, rangi hupauka. Usitumie plastiki badala ya kioo, kwani nyingi hutoa rangi zake zenyewe ukadhani ni za barafu.

Panga kila kitu kabla ya kufungua friza: kamera kwenye stendi, fokasi tayari, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400, shata (muda wa kupokea mwanga) ya sekunde 1/60 au taratibu zaidi, kioo kiinuliwe sentimita 10 juu ya skrini ili vidoti vyake visionekane. Kwa unyevu wa Dar, kioo kitafunikwa na ukungu ndani ya sekunde chache. Futa upande wa chini kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, piga, rudisha friza. Baadhi ya sehemu zitabaki nyeusi kwa sababu fuwele zake zimesimama wima kuelekea lenzi. Inamisha kioo kidogo na baadhi zitawaka.