Mama haji kliniki: kabla ya kuandika rufaa ya tatu

SWALI: Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Tanzania. Kitongojini kwangu kuna mama mgeni. Mume yuko machimboni, ndugu wako mbali. Mtoto ana wiki 7, hajapata chanjo za wiki ya 6. Nimemwandikia rufaa mara mbili, haendi. Nesi anasema ni mkaidi. Nifanyeje?

JIBU: Usiandike ya tatu kabla hujajua kinachomzuia. Mara nyingi ni nauli, mtoto mkubwa asiye na wa kumwangalia, au kadi imepotea na anaogopa kufokewa. Kadi ikipotea hutolewa nyingine. Chanjo iliyochelewa nayo haijapotea: anapewa sasa, inayofuata baada ya wiki 4.

Ukifika, anza na mtoto. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia, hanyonyi. Zikifika 60 au zaidi, rudia. Zikibaki 60 au zaidi, au kifua kinabonyea, anashindwa kunyonya, ana degedege, joto limefika 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, aende kituoni leo hii. Utepe wa kupima mkono, ule wa kuangalia utapiamlo, uache mkobani; mipaka ya rangi zake ni ya miezi 6 hadi 59. Huyu anahitaji mizani, na wewe umtazame anavyonyonya.

Kisha mama, jirani asiwepo. Wiki mbili hizi amekuwa na huzuni, amekata tamaa? Amekosa hamu ya mambo? Amewaza kujidhuru, au kumdhuru mtoto? Wengi hukwepa hilo la mwisho wakidhani watamtia wazo. Kuuliza hakumtii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mfikisheni kituoni siku hiyo hiyo.

Mama akikubali kwenda kliniki, mpigie nesi mkiwa hapo hapo, weka spika, asikie mwenyewe: "Njoo Alhamisi, uniulizie mimi." Sauti hiyo huvuta kuliko karatasi, na nesi naye huliacha neno "mkaidi".

Kama hakuna pesa ya chakula au kuna kipigo, mhusishe afisa ustawi wa jamii kwa ridhaa ya mama. Maisha yakiwa hatarini, usingoje ridhaa. Balozi wa nyumba kumi mwambie tu kwamba anahitaji wa kumchotea maji. Aliyokujibu mama, balozi asiyajue.

Daftarini msiandike "atafuatiliwa", maana hapo kazi haina mwenyewe. Andikeni jina la mhusika, kazi yake na tarehe. Kipande cha majibu ya rufaa, kile kinachojazwa kituoni, kisiporudi kwako hadi Ijumaa jioni, Jumamosi unabisha hodi tena.