Je, Hasira Hizi Amezirithi kwa Baba Yake?

SWALI: Daktari, ninamlea mtoto wa marehemu kaka yangu hapa Arua. Ana miaka 15, na muhula huu amesimamishwa shule mara mbili: kwanza alimpiga mwenzake kwa ajili ya kalamu, kisha akamtukana mwalimu mbele ya darasa. Baadaye hulia na kusema hajui kilichompata. Wajomba zake wanadai kuwa ni damu ya kwetu, kwa kuwa baba yake naye alikuwa hivyo, na kwamba kumlipia karo ni kutupa pesa. Je, ni kweli? Kipo kipimo cha kuthibitisha? – Shangazi mtu, Arua

JIBU: Pole kwa mzigo huo, shangazi. Wajomba wameshika nusu ya ukweli. Tafiti zinazolinganisha mapacha wa kufanana na wasiofanana zimeonyesha mara nyingi kwamba tabia ya kutenda kabla ya kufikiri hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na urithi huo huonekana hata katika ubongo. Kijana huvishwa kofia yenye nyaya, akasikilizishwa mlio uleule ukijirudia, kisha ghafla ukaja mlio tofauti. Takriban theluthi moja ya sekunde baadaye ubongo hutoa wimbi dogo la umeme. Miongoni mwa vijana wenye shida ya kujizuia, au walioanza ulevi mapema, wimbi hilo kwa wastani huwa na kimo kidogo, na mapacha wa kufanana hukaribiana kwa kimo hicho kuliko wasiofanana. Huo ni wastani wa makundi, wala hautoshi kumhukumu mtoto mmoja.

Kipimo cha damu unachokiuliza hakipo, na anayekuuzia usimpe hata shilingi. Utafiti mkubwa wa mwaka 2021, uliohusisha watu wapatao milioni 1.5 wenye asili ya Ulaya, uliona zaidi ya sehemu 500 za jeni zinazohusiana na tabia hizi, kila moja ikiwa na mchango mdogo mno.

Wajomba wangefaidika zaidi na utafiti uliofanyika Dunedin, New Zealand, ukachapishwa mwaka 2002. Wavulana wenye aina dhaifu ya jeni iitwayo MAOA, waliotendewa ukatili utotoni, walielekea zaidi kuwa wakorofi ukubwani. Wenye jeni hiyohiyo waliolelewa bila ukatili hawakuonyesha mwelekeo huo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, lakini nyingi zimeunga mkono. Kwa hiyo kumchapa kijana wa namna hii kila anapokosea, ukimwambia kuwa ni baba yake mtupu, si tiba. Isitoshe, sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ndiyo breki yake, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na huyu wako amefiwa juu ya hayo.

Mpeleke katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Ueleze kama tangu utotoni hakuweza kutulia darasani, kwani huenda ni tatizo la umakini linalotibika, kama aliwahi kuumia kichwa au kuugua malaria kali iliyomletea degedege, analalaje, na kama ameanza pombe au mairungi. Mwombe mwalimu wake akuandikie hasa hutokea nini kabla ya kila ugomvi, maana daktari atakuuliza hilo kwanza. Karo endeleeni kulipa.